MITI HAINA MIGUU, SISI TUNAYO

Tamko la vijana wa Bwegera juu ya miti, mbegu na ardhi ya milimani

Wandugu wa Luvungi, wa Sange, wa Kiliba, wa Uvira mjini, na ninyi mulioko Bukavu na Bujumbura munasoma hii ku simu: safari hii hatuandiki juu ya barabara. Hatuandiki juu ya mishahara ya walimu wala juu ya barieri za usiku. Tunaandika juu ya miti. Tunajua kuna watakaosema "hawa vijana wamekosa kazi." Soma kwanza, utacheka baadaye.

Tuanze na ua moja. Ukisimama Kamanyola ukatazama ng'ambo ya Ruzizi, unaona Bugarama, upande wa Rwanda. Ni bonde moja na letu, mto tu njo unatutenga. Huko Bugarama kuna chemchemi ya maji moto inayoitwa Mashyuza. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta pembeni ya ile chemchemi yungiyungi dogo kuliko yote duniani. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja, kama kifungo cha shati. Halikuelea ku maji mengi kama mayungiyungi mengine. Liliota ku matope ya uvuguvugu, pale maji ya moto yanapoanza kupoa, na hapakujulikana mahali pengine duniani ambapo linaota lenyewe. Wanasayansi wakalipa jina Nymphaea thermarum.

Mimea michache ilipelekwa Bonn, ku bustani ya mimea. Kufikia 2008, maji ya chemchemi yalikuwa yamegeuzwa kwa matumizi mengine, matope yakakauka, ua likapotea kwao. Lakini Bonn lilikuwa bado hai. Mbegu zikafika London, ku bustani ya Kew. Huko mtunza mimea Carlos Magdalena alihangaika nazo, zinaota kisha zinakufa, mpaka 2009 alipoelewa kwamba hili si ua la kuzamisha, linataka kukaa sawasawa na uso wa maji ili lipate hewa. Likachanua. Mwaka 2014 mtu aliiba mche mmoja pale Kew, polisi ya London wakaanza kutafuta, magazeti yakaandika. Kisha 2023 watafiti walirudi Mashyuza wakakuta kumbe machache yamebaki.

Tazameni ile hadithi polepole, iko na mambo mawili ndani. La kwanza: mmea wa bonde letu uliponea chupuchupu juu kuna mtu aliuchukua akaupeleka pengine kabla ya maji kukauka. Kwa hiyo yule anayetuambia "mimea iachwe pale Mungu aliipanda" ajibu kwanza hiyo. La pili ndilo linalotuuma. Wakati ua linapotea, waliojua thamani yake walikuwa Bonn na London. Mama aliyechota maji pale kila asubuhi hakuambiwa kwamba ndoo yake iko karibu na kitu ambacho dunia nzima haina. Na sisi upande huu wa mto, nani kati yetu aliwahi kulisikia? Mimi ninayeandika hapa nilizaliwa Bwegera, nimeogelea mu Ruzizi toka utoto, na nilijua habari za lile ua kwa simu, nikiwa mtu mzima.

Sasa tushuke ku jambo lenyewe. Jua limebadilika. Hatuhitaji ripoti kujua. Muulize mulimaji wa mupunga, muulize muvuvi. Watafiti walichapisha toka mwaka 2003 kwamba maji ya Tanganyika yanapata joto na chakula cha samaki kinapungua, wavuvi wa Kalundu wakasema "tulikuwa tunajua." Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba maelfu. Mvua inachelewa, kisha inakuja yote siku moja. Mtu anaweza kuhama. Tumehama sana, kwa vita na kwa maji. Ng'ombe anahamishwa. Samaki anashuka chini ku maji ya baridi. Na mti?

Mti unahama pia, ila unahama kwa mbegu, na mbegu inabebwa na wengine: upepo, popo, nyani, ndege mkubwa kama hondohondo. Hesabu yake ni hii. Kila ukipanda mita 100, joto linashuka kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kama dunia imeongezeka digrii moja, mti unaotaka hali ya hewa ileile ya zamani unapaswa kupanda zaidi ya mita 150. Kwa mtu wa moto hiyo ni dakika chache. Aliyewahi kupanda kwenda Lemera anajua: chini unatoka jasho, juu unatafuta koti. Kwa mti ambao mtoto wake anakomaa baada ya miaka makumi, na matunda yake yanaanguka chini ya shina, ni safari ya vizazi na vizazi. Zamani angalau njia ilikuwepo, pori lilishikana toka bondeni hadi ku milima ya Mitumba. Leo katikati kuna mashamba, kuna tanuru za matofali, kuna makala. Hondohondo hapiti juu hana pa kutua, na nyani ameliwa. Mbegu inaanguka, inaota, inachomwa mwezi wa nane wakati watu wanasafisha mashamba. Mti umefungiwa ndani ya nyumba inayowaka.

Na ile iliyo juu kabisa? Bonde letu linaanza mita 770 na kitu ku ziwa, linafika karibu 1000 kuelekea Kamanyola. Milima ya Itombwe inapanda hadi mita 3475, ku mlima Mohi. Mti wa bondeni bado una pa kwenda. Mti uliozoea baridi ya kileleni, joto likimfuata, baada ya kilele ni mawingu. Huyo anahitaji kubebwa hadi ku mlima mwingine, ao mbegu zake zihifadhiwe.

Basi msimamo wetu ni huu: mbegu za miti ya hapa zibebwe zipandishwe mlima, zibebwe na watu wa hapa, sasa. Tuliwahi kuwa wabebaji wa kila kitu cha wengine. Tubebe na chetu.

Wapinzani wetu tunawajua, tena wawili hawafanani.

Wa kwanza ni watu wa kulinda asili, wengi wao waaminifu. Wanasema ukihamisha mmea unaweza kuleta balaa. Na wako na sababu, hatutadanganya. Huko Tanzania, ku milima ya Usambara Mashariki, kuna msitu wa Amani. Wakati wa Wajerumani waliingiza pale mti wa Maesopsis eminii, ambao kwao ni Uganda, Bukoba na huku kwetu Kongo. Mti unakua mbio, mbao zinapatikana mbio. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakayasambaza, na pale msitu ulipokatwa Maesopsis ikaingia ikajitawala, ikabana miti ambayo haiko mahali pengine duniani. Hapa kwetu ni mti wa kawaida usio na neno. Kule umekuwa mgeni anayelala ku kitanda cha mwenye nyumba. Tena hatuhitaji kwenda Usambara. Ugonjwa wa muhogo ulitembea vipi, si ulipanda ku vijiti vya kupanda ambavyo jirani alimpa jirani kwa moyo mzuri? Kuhamisha mmea si mchezo.

Lakini angalieni tofauti. Maesopsis ilivushwa nchi hadi ku milima iliyokaa peke yake miaka mamilioni, na iliyopelekwa ilikuwa kwa faida ya mbao. Sisi tunasema: mti utoke chini ya mteremko upande juu ya mteremko uleule, ku mto uleule, kati ya ndege walewale. Hondohondo angefanya hiyo kazi kama tusingemuua. Tubebe mbegu zilizochaguliwa, tusibebe vijiti wala mizizi yenye udongo, na mahali pa kwanza pawe padogo, pa kuangalia miaka kadhaa kabla ya kuongeza. Kukaa bila kufanya kitu nako ni uamuzi, na aliyeuamua hatausikia mti ukifa, juu miti inakufa kimya.

Mpinzani wa pili hatumpi heshima hiyo. Ni mtu wa mradi. Huyu hana shida na kuhamisha mimea, amekuwa akiihamisha mbele ya macho yetu toka tukiwa watoto. Anakuja na gari, na kofia za bure, na miche ya eucalyptus na grevillea, zote mbili za Australia. Hatuko na chuki na eucalyptus. Nyumba nyingi za Bwegera zimesimama ku miti yake, na mama anapika nayo. Ila usije ukaniambia kwamba ule ni "kurudisha msitu." Mradi mmoja, hatuutaji, ulifika kwetu mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Mtoto wa bonde hili anajua mwezi wa sita mvua imeshaaga na itarudi mwezi wa tisa, ao wa kumi ikitaka. Tulipewa miche, tukapanda, tukapigwa picha, tukapewa biskuti na soda. Kufika mwezi wa nane mbuzi hawakuwa hata na kitu cha kutafuna. Wazee walisema siku ileile "hii itakufa." Hakuna aliyewauliza. Picha zile bila shaka ziko ku ripoti fulani, na sisi tuko ndani tunatabasamu.

Serikali nayo. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba nchi itapanda miti miliardi 1 hadi 2023. Mwaka 2023 umepita. Hatuulizi hesabu ya taifa zima, tunauliza ya kwetu: kati ya Kamanyola na Uvira, ni miti gani, ilipandwa wapi, mbegu ilitoka ku mti gani, na mangapi inapumua leo? Idadi bila jina la mti haitusaidii kitu. Ukisema umezaa watoto kumi, watu watakuuliza majina.

Na tusije tukadanganywa kwamba sayansi ya kuhamisha mimea ni mpya, eti tusubiri wataalamu wamalize kubishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, kahawa ya Java ilikuwa inakufa kwa ugonjwa wa kutu. Dawa yake ilitoka wapi? Kongo. Mbegu za kahawa ambayo leo dunia inaita robusta zilitoka misituni kwetu, zikapitia Bruxelles, zikafika Java, na mashamba ya Waholanzi yakapona. Mwaka 1933 Wabelgiji wakaunda INEAC, na kutoka Yangambi hadi Mulungu kazi yao kubwa ilikuwa nini kama si kuchukua mmea pale ulipo na kuujaribu pengine? Walijua kabisa mmea gani unapenda mita ngapi. Walifanya kwa pamba, kwa kahawa, kwa kwinini. Hawakufanya kwa mikoche.

Mikoche, ndiyo. Mitende ya pori, Hyphaene kwa jina la kitaalamu. Vuka mpaka, nenda ku hifadhi ya Rusizi upande wa Burundi, iliyowekwa 1980. Utaikuta imesimama, inalindwa na sheria, watalii wanalipa. Rudi upande wetu, panda gari Uvira hadi Luvungi, hesabu mingapi umeona. Udongo ni uleule, na mto ni uleule. Tukitaka kuanza na mti mmoja wa bondeni, tuanze na huo, pamoja na migunga na mikuyu ambayo wazee bado wanajua iko wapi. Na kwa juu kuna Prunus africana, ule mti ambao magome yake yanabanduliwa hapa Kivu yakauzwe Ulaya kwa dawa ya tezi ya wazee wanaume. Toka 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa dunia. Sisi tunaubandua, wao wanapona. Mbegu zake ziko ku pepinyeri ya nani huku kwetu?

Hapa tunafika ku mambo ambayo watu wa semina hawapendi. Mambo mawili.

Kwanza mbegu ni mali ya nani. Nchi yetu iko na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kuhifadhi asili. Dunia iko na Protokoli ya Nagoya ya 2010. Zote zinasema mtu akichukua mmea wa watu, wenyewe wakubali kwanza na faida wagawane. Vizuri. Tunataka ile sheria itoke ku karatasi. Mtafiti akija Bwegera, ao Lemera, ao Itombwe kukusanya mbegu, karibu sana, tutambebea na begi. Lakini nusu ya mbegu inabaki hapa, imeandikwa kwa lugha tunayosoma: mti gani, kilima gani, tarehe gani, mita ngapi. Tusifanye tena ya Mashyuza, ambapo ili uone ua la kijiji chako unahitaji viza.

Pili ardhi, na hapa tunaomba kila mtu asome mara mbili. Tukisema "pandisha miti mlimani," kuna watu watasikia "ondoa watu mlimani." Tunawajua. Huko juu hakuna uwanja mtupu. Kuna familia, kuna ng'ombe, kuna makaburi, na kuna ugomvi wa ardhi ambao tayari umekula damu nyingi. Batwa wa Kahuzi-Biega waliondolewa ku msitu wao miaka ya 1970 kwa jina la kulinda asili, na ilitakiwa kufika 2024 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ukatangazwa kwamba walidhulumiwa. Zaidi ya miaka arobaini. Kama kuhamisha miti kutakuwa njia mpya ya kuhamisha watu, sisi tutakuwa wa kwanza kulala barabarani kuipinga, ijapokuwa tumeiandika wenyewe. Mti upandwe ku kingo za mito, ku makorongo, ku mipaka ya mashamba, ku shule na makanisa, ku malisho ya yule aliyekubali. Mwenye ardhi anabaki mwenye ardhi na mwenye mti.

Inawezekana. Huko Mexico kuna mti wa milimani unaoitwa oyamel, ambapo vipepeo wanaokimbia baridi ya Kanada na Marekani wanalala mamilioni. Joto limeanza kuutesa. Watafiti pamoja na wanakijiji wenye ardhi yao wakaanza kupanda miche yake juu zaidi ya pale ilipozoea. Na walijifunza jambo ambalo bibi yoyote wa hapa angewaambia: mche ukiuweka ku jua peke yake unakufa, ukiuweka chini ya kichaka unapona. Kichaka kinaulea. Pale kwetu tunafyeka vichaka kwanza ili shamba la mradi lionekane safi ku picha.

Mtu ataandika chini hapa: "Kuna vita, munaongelea maua." Tumesikia. Bibi yangu alikimbia mara tatu maishani. Kila mara aliacha sufuria, aliacha mlango, mara moja aliacha hata viatu. Lakini kila mara ku kona ya kitenge chake kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo mbegu za maharagwe. Hakuwa na semina yoyote. Alijua kwamba kule anakoenda atakula kwa kuombaomba mpaka siku mbegu yake itakapoota.

Kwa hiyo tunadai. Serikali ya provense itoe hadharani orodha ya miti yote iliyopandwa kwa pesa ya umma mu teritware ya Uvira, kwa majina na mahali. INERA Mulungu na kituo cha Lwiro, ambao wana ujuzi na kumbukumbu za mimea ambazo sisi hatuna, wapewe kazi na pesa ya kutuambia ni miti ipi ya bondeni na ya milimani iko hatarini na ipande mita ngapi. Wataalamu wasituogope, hatuumi. Kila mradi wa miti unaoingia hapa uonyeshe kwamba angalau nusu ya miche ni ya miti ya asili ya hapa, na usipande mwezi wa sita. Na mtu yeyote asilete mmea wa ng'ambo kwa jina la tabianchi bila kutueleza utakula nini na utaliwa na nani.

Lakini hatutakaa tukisubiri saini. Toka wiki ijayo, kila Jumamosi asubuhi, tunazunguka na wazee wa Bwegera kutafuta miti mama: mikoche, migunga, mikuyu iliyobaki. Kila mti utaandikwa ku daftari. Anayejua ulipo mti mkubwa wa zamani, hata kama uko nyuma ya choo cha jirani, atuambie. Leteni chupa za plastiki zilizokatwa, leteni mbolea ya ng'ombe iliyokauka, na magunia ya kufunika miche. Pepinyeri ya kwanza itakuwa hapa chini, ya pili itakuwa njiani kwenda Lemera, ku shamba la baba mmoja aliyetukubalia kipande cha ukingo wa kijito. Vijana wa Lemera, tunawangoja mutuambie vichaka gani vya kwenu vinalea vizuri. Mvua ikirudi tunapanda pamoja. Kofia za bure hakuna.

Vijana raia wa Bwegera